Zamu ya Langoni

Jumatatu, 8 Septemba 1919

Tumeanza kuvuna viazi. Lachlann jirani yetu amekuja na jembe lake na mdomo wake, vyote viwili vikali. Mchungaji alinipa daftari hili tulipomzika mwanangu Eachann mwezi wa tano. Alisema, andika mama, moyo utakuwa mwepesi. Miezi minne sikuandika hata nukta. Leo naandika kwa sababu nimekasirika na wa kumgombeza hayupo. Shangazi Raonaid ameondoka tena asubuhi na kigoda chake, akaenda kukaa langoni Uani, makaburi ya ukoo kule kilimani, kama mlinda kuku. Viazi vyote hivi shambani, watu watatu tu, na mmoja amekwenda kuota jua lisilokuwepo.

Ana miaka themanini na sita. Ni dada wa baba mkwe wangu. Mguu wake wa kushoto umegeukia ndani tangu kuzaliwa, na juu ya kilima kile hupanda kila siku, na lile nusu-shali lake mabegani. Ndiyo, nusu. Lilikatwa katikati sijui mwaka gani, na ukimpa jipya anakutazama kama umemtukana.

Ijumaa, 12 Septemba

Mvua. Matuta manne tu.

Jumapili, 14 Septemba

Mchungaji ni kijana wa Edinburgh mwenye shingo nyembamba. Leo baada ya ibada ameniuliza kwa nini kila anaponiona naangalia kilimani. Nikamweleza, maana hakuna aliyemweleza. Kwetu sisi, anayezikwa mwisho ndiye anayeshika zamu langoni. Anasimama pale mchana na usiku, anawalinda waliolala, mpaka azikwe mwingine amwachie nafasi. Ndipo naye hulala.

"Mama, hizo ni imani za zamani," akasema. "Eachann yuko kwa Bwana."

"Kwa Bwana atafika, mchungaji. Ila akimaliza zamu."

Mchungaji akanywa chai. Sikumweleza lililobaki, maana lingemtoa machozi au kicheko, na sikutaka kuona hata kimoja. Uani ina makaburi sitini na matatu, wala haipanuki, chini ya ukuta ni mwamba mtupu. La sitini na mbili ni la Eachann. Limebaki moja, kona ya kaskazini, chini ya ule mti mdogo wa matunda mekundu. Atakayeingia humo atamwachia mwanangu apumzike, lakini yeye hatakuwa na wa kumwachia. Wa sitini na tatu atasimama hadi parapanda ilie.

Na ni nani wa kuingia? Ukoo wetu wa MacSorlan umekwisha. Wengine wako Kanada, wengine wamefukiwa Ufaransa. Mimi si wa damu. Mke huingia Uani ubavuni mwa mumewe, na Niall wangu alizama na mashua, hakuonekana. Ufunguo ninao, kitabu cha makaburi ninacho, kaburi sina. Mwenye jina hilo amebaki Shangazi peke yake.

Jumapili, 21 Septemba

Mvua imetufungia ndani, nimekaa na kitabu cha makaburi. Wazee walikuwa watu wa ajabu. Mwaka 1788 walikufa ndugu wawili wiki moja, maziko yakaangukia siku moja, na kila upande haukutaka wa kwao awe wa mwisho. Walikimbizana na majeneza mabegani kutoka mtoni mpaka kilimani. Walipofika langoni wakapigana fimbo. Watoto wa Eoghann, mmoja wa hao ndugu, wakaona wanashindwa, wakalirusha jeneza la baba yao juu ya ukuta. Imeandikwa hivi: "Eoghann aliingia kwanza, kwa kichwa."

Tena kuna mkono wa Alasdair, uliokatwa vitani, ukaletwa ndani ya pipa la chumvi ukazikwa kumshikia nafasi. Ukoo ulibishana miaka sita kama mkono unaweza kushika zamu. Shangazi alicheka niliposoma hapo, kisha akauliza, "Mwanzoni pale pameandikwaje? Soma tena."

Nikamsomea, ingawa anajua kwa moyo. Waingie wa damu, waliobatizwa, na wake zao ubavuni mwao. Wengine wasiingie.

"Maneno machache," akasema, "lakini mazito hayo." Akarudi kufuma soksi.

Niliwahi kuyatumia maneno hayo. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa pili, Lachlann alikuja langoni na kisanduku kwapani. Mkewe Beathag alikuwa amejifungua mtoto mfu. Mama yake Lachlann alikuwa MacSorlan, damu ilikuwepo, ubatizo haukuwepo. Nilimwambia kitabu hakina mahali pa wasiobatizwa. Akamzika ufukweni, juu ya mstari wa maji, chini ya jiwe jeupe. Lachlann alirudi kunisemesha baada ya mwaka. Beathag hajanisemesha mpaka leo. Sheria si yangu, mimi ni mshika ufunguo tu.

Jumanne, 30 Septemba

Shangazi ameanguka langoni. Lachlann amemleta kwenye toroli la samadi.

"Mama Eachann, nimekuletea mbolea ya zamani," akasema mlangoni, na Shangazi akampiga kofi la kisogo, kwa hiyo nilijua hajafa. Lakini nyonga imevunjika. Hatapanda tena kilima.

Alhamisi, 2 Oktoba

Sijui niandike vipi.

Saa kumi jioni nilipanda kufunga lango. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ukuta. Nilipotia ufunguo, mtu akakohoa upande wa ndani.

Kikohozi hicho nakijua. Nilikisikiliza miezi saba, tangu walipomrudisha kutoka vitani na mapafu yaliyoungua kwa moshi wa sumu. Viwili vifupi, kimoja kirefu, halafu ile sauti ya mtu anayetafuta hewa. Nikaita, Eachann. Nikafungua lango. Kondoo hakuwepo, mtu hakuwepo, na majani yalikuwa yamelala mahali pamoja, kama pamesimama mtu siku nyingi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kikohozi tena. Viwili vifupi, kimoja kirefu.

Jumapili, 5 Oktoba

Tena. Mchana kweupe, watu wakitoka kanisani. Kiangazi chote sikusikia kitu. Kwa nini sasa? Baridi imemkamata, mwanangu. Yuko kule na kile kifua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo Shangazi alinishika mkono nilipokuwa nikimgeuza kitandani.

"Marsaili mwanangu, nikifa nipelekeni ng'ambo ya mto, kwenye makaburi ya kanisa."

"Una kaburi lako Uani. Lipo chini ya mti ulioupanda mwenyewe."

"Silitaki. Lisifunguliwe kabisa."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unaogopa zamu, Shangazi?"

"Sema naogopa."

"Na Eachann je?" Nikajikuta napiga kelele. "Unasikia anavyokohoa kule? Mtoto wa miaka ishirini asimame pale milele, wewe uliyekula miaka themanini na sita ukalale kwa raha ng'ambo?"

"Eachann nimemfanyia nilichoweza."

"Umemfanyia nini? Kukalia kigoda?"

Basi akacheka, mpaka nyonga ikamuuma, akalia na kucheka pamoja. Kisha akasema niape kwa jina la Eachann kwamba sitafungua sitini na tatu. Nikaapa. Ulimi uliapa, lakini moyoni nilikuwa nimeshachukua jembe. Namchukia. Mungu anisamehe, leo namchukia mwanamke huyu kuliko Kaisari wa Ujerumani.

Jumatano, 15 Oktoba

Viazi vimekwisha. Magunia kumi na moja. Kikohozi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kikohozi.

Jumanne, 28 Oktoba

Umande umeganda usiku, kilima chote cheupe. Nimepanda asubuhi. Ndani ya lango, majani yote yamekamatwa na barafu isipokuwa sehemu mbili, kila moja ya urefu wa buti kubwa. Hapo majani ni mabichi, na nilipoweka kiganja palikuwa na uvuguvugu. Nilikaa pale nimeweka kiganja mpaka magoti yakafa ganzi.

Niliporudi Shangazi alikuwa anaomba maji. Nilimsikia. Nikapanga vyombo kwanza, nikafagia jiko, nikachochea moto. Ndipo nikampelekea. Nilifanya makusudi. Naandika hapa kwa sababu mchungaji alisema niandike yaliyo moyoni, na hili ndilo lililokuwemo.

Alikunywa, akasema, "Ahsante mwanangu." Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 6 Novemba

Hali ni mbaya. Hali uji, hata samaki hataki. Mara mbili leo amesema, "Peleka kigoda." Nikamuuliza kigoda gani, niketi? Akatikisa kichwa. "Anachoka. Peleka kigoda." Nimekisogeza karibu na kitanda, akakiangalia, machozi yakamtoka. Sielewi.

Jumapili, 9 Novemba

Amekufa wakati kengele ya kanisa inalia. Nimemfumba macho mwenyewe. Nikasubiri furaha ije, maana si ndicho nilichokuwa naomba? Haikuja. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Watu wote wanajua atazikwa Uani, tangu zamani ilikuwa inajulikana. Sikuwaambia vingine. Jumatano saa nane.

Jumatano, 12 Novemba

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Lachlann alianza kuchimba saa mbili asubuhi, mimi nimesimama kando na ufunguo na kitabu. Barafu ilikuwa kila mahali ila pale penye buti mbili. Tulipopita hapo Lachlann alivua kofia. Nami nikasema kimoyomoyo, leo mwanangu, leo unapumzika, vumilia mpaka saa nane.

Mizizi ya ule mti ilimsumbua. Alikuwa amefika kiunoni jembe lilipogonga ubao.

"Mwamba?" nikauliza.

"Mwamba haulii hivi." Akapiga magoti, akakwangua kwa mikono. "Mama Eachann. Kuna mtu humu."

Nikamwambia haiwezekani, kitabu kinasema tupu. Mizizi ilikuwa imekizunguka pande zote, Lachlann akaikata kwa kisu, akakiinua na kukiweka ukingoni miguuni pangu. Kilikuwa kisanduku cha unga wa shayiri, cha kupakatwa. Kifuniko kilivunjika kilipogusa hewa. Ndani mlikuwa na sufu iliyooza, na ndani ya sufu mifupa ambayo ingeenea ndani ya kofia ya mtu.

Niliishika ile sufu. Ufumaji ule, mstari wa kijivu na mistari miwili ya buluu, niliufua kwa mikono yangu kila Jumamosi kwa miaka ishirini na mbili. Ukingo mmoja ulikuwa umekatwa kwa mkasi.

Nikaketi chini palepale kwenye barafu.

Lachlann alibaki shimoni, ameegemea jembe. "Mama yangu alikuwa akinong'ona," akasema. "Raonaid alikuwa na mchumba, alizama na mashua ya samaki mwaka wa hamsini na nne. Msimu ule akanenepa, halafu ghafla akakonda. Ndipo akaanza kukaa langoni. Miaka miwili, jua na theluji. Watu walidhani anamlilia mchumba."

Nikafungua kitabu. Maziko ya Februari 1854, kisha hakuna aliyezikwa mpaka Machi 1856. Miaka miwili. Nikaelewa. Katikati hapo alikuwa amezikwa huyu, asiyeandikwa. Zamu ilikuwa yake. Miaka miwili mlinzi wa Uani alikuwa kichanga asiyeweza hata kushika shingo yake, na mama yake akapanda kilima kila siku kwa mguu ule kumshikia.

"Kwani mtu aliye hai anaweza kumshikia maiti zamu?" nikauliza.

Lachlann akanikazia macho. "Si ndivyo alivyokuwa akifanya kwa Eachann? Mimi nilidhani unajua. Mwezi wa saba nilikuwa napita na kondoo, nikamsikia. 'Kaa, kijana, pumzisha kifua. Mchana nimeshika mimi.'"

Kiangazi chote hakukohoa. Alianza Shangazi alipoanguka. Nililia kwa sauti, sikujali nani anasikia. Peleka kigoda, alisema. Mara mbili alisema, mimi nikakisogeza kitandani. Na lile ombi la kupelekwa ng'ambo, kumbe alikuwa radhi kulala mbali na mwanawe milele ili tusimfukue tukamtupa nje ya ukuta. Aliogopa nani? Mchungaji? Mchungaji hana ufunguo. Aliniogopa mimi.

Lachlann alipanda kutoka shimoni. Alisimama mbele yangu, udongo mpaka kwenye kope, na hakuwa na hasira usoni, jambo lililoniumiza zaidi.

"Kitabu kinasemaje, mama mwenye ufunguo?"

Ndivyo alivyosimama siku ile langoni na kisanduku chake.

"Kitabu kimekosea," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu kilipoandikwa. Na mimi nilikosea nacho." Nikajiinua kutoka kwenye barafu. "Lachlann, bado yuko pale, chini ya jiwe jeupe?"

Alichomeka jembe ardhini, akashuka kilima, mwendo kwanza, halafu mbio.

Walirudi wawili saa sita na ushee. Beathag alikuwa amekibeba kisanduku ndani ya koti lake, amekifungia vifungo vyote. Uso kwa uso, baada ya miaka mitatu.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Basi shika upande huu, kina uzito kwa sababu ya mchanga."

Tukavishusha visanduku pamoja, kimoja ubavuni mwa kingine, kwenye mizizi. Nilimwambia Lachlann watoto watangulie, na Shangazi awe juu yao, ili zamu isiwaguse hata dakika. Alikuwa ameshafikiria hivyo. Tulipomaliza kufukia kidogo tulisikia zumari la maziko, na msafara wa jeneza ukipanda kutoka mtoni.

Mchungaji alichungulia. "Mbona shimo ni fupi?"

"Mizizi, mchungaji," Lachlann akasema.

"Huwezi kuikata?"

"Hii haikatwi."

Tukamshusha Raonaid MacSorlan na nusu-shali lake. Nikatupa udongo, nikasema kwa sauti ndogo, Shangazi nimevunja kiapo, nimekuweka kwako. Wakati wanaume wanakunywa wiski ukutani, upande wa lango kulisikika kikohozi kimoja, kirefu. Beathag aligeuza kichwa, kwa hiyo si mimi peke yangu niliyesikia. Tukangoja cha pili. Hakikuja.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeandika kwenye kitabu, kwa wino: Sitini na tatu. Raonaid. Na mwanawe. Na Sìne, binti ya Lachlann na Beathag. Ule ukurasa wa mwanzo nimeupiga mstari. Karatasi ni ngumu, kalamu ilikwaruza.

Jumatatu, 17 Novemba

Kimya langoni. Nimelala usiku kucha, mara ya kwanza tangu Mei.

Jumapili, 30 Novemba

Barafu tena. Nimepanda baada ya ibada. Pale penye buti kubwa majani yote yameganda, meupe, sawa na mengine. Nimesema, lala mwanangu, lala salama.

Hatua moja pembeni, karibu zaidi na lango, kuna sehemu mbili ndogo zisizo na barafu. Nyayo fupi. Wa kushoto umegeukia ndani.

Lachlann alikuwa anatengeneza ukuta. Nikamwita akaja, akaona, akavua kofia.

"Huyo hana wa kumwachia," akasema taratibu.

"Siku yangu ikifika, fungueni sitini na tatu mniweke juu yake."

"Wewe si wa damu, Mama Eachann. Kitabu..."

"Kitabu ninacho mimi."

Alitikisa kichwa, akarudi kwenye mawe yake, na nilimsikia akicheka chinichini.

Nimekwenda nyumbani nikachukua kigoda, shali langu na soksi alizoacha hazijaisha kufumwa. Nimekaa langoni, ndipo ninapoandika, vidole vimekufa ganzi. Kabla ya kuketi nilisema nilivyojua kusema: "Kaa, Shangazi. Pumzisha mguu. Mchana nimeshika mimi."

Hapakuwa na upepo. Karibu yangu kabisa, chini kidogo ya sikio, nimesikia mtu akishusha pumzi ndefu, ile ya mzee anayeketi baada ya kupanda kilima.